Kabla ya kubadilisha kadi ya michoro, jua nani anamngoja mwenzake

Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote kuhusu kadi ya michoro, kile kifaa kinachochora picha za gemu ndani ya kompyuta, ni hili: "Fundi, kadi yangu ni ya zamani, sasa ninunue ipi?" Nami hujibu kwa swali. Gemu ikiwa imepamba moto, kadi yako inafanya kazi kwa asilimia ngapi? Wengi hawajawahi kuangalia. Mwaka ilipotoka wanaujua, jina la kadi mpya wanalijua, ila hawajui kama hiyo waliyonayo imezidiwa kweli au inakaa ikisubiri.

Umri peke yake hauniambii mengi. Kadi iitwayo GTX 1080 Ti ilitoka 2017 ikiwa na GB 11 za kumbukumbu, na kwa miaka mingi imeendelea kuwatosha watu wenye skrini za kawaida. Nyingine, RX 6500 XT, ilitoka 2022, lakini ina GB 4 tu na njia nne tu za kupitisha data kwenda kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta. Njia hizo huitwa PCIe. Ukiichomeka kwenye mazabodi ya toleo la zamani, PCIe 3.0, kila njia inapitisha nusu ya inachopitisha PCIe 4.0, na kumbukumbu ikijaa gemu inaanza kukwamakwama. Mdogo kwa miaka mitano, na bado mkubwa anamshinda mbio.

Kwa hiyo mimi huanza na muda. Fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde maana yake kila picha ina milisekunde 16.7 za kutengenezwa. Fremu 144, ni milisekunde 6.9. Ndani ya muda huo mdogo kuna wafanyakazi wawili wanaopokezana. Prosesa, ubongo wa kompyuta, inapanga nani yuko wapi, risasi imegonga nini, adui anaelekea upande gani, kisha inatoa maagizo ya kuchora. Kadi inachora. Mmoja akichelewa, mwenzake hana la kufanya ila kungoja.

Kumjua mchelewaji si kazi ngumu. Weka programu kama MSI Afterburner, inayoandika namba pembeni ya skrini unapocheza. Ondoa kikomo cha fremu na uzime V-Sync, mpangilio unaozifunga fremu kwenye kasi ya skrini, la sivyo kadi itapumzika kwa sababu wewe mwenyewe umeiambia ipumzike. Kisha ingia kwenye sehemu nzito ya gemu unayoicheza kila siku. Kadi ikikaa kati ya asilimia 95 na 99 muda wote, yeye ndiye anayengojwa. Ikiwa asilimia 60 au 70 huku fremu ni chache, kadi ndiyo inayosubiri, na ukinunua kubwa zaidi nayo itasubiri vilevile. Asilimia ya prosesa kwa jumla usiitegemee: prosesa ya viini 8, yaani sehemu nane zinazofanya kazi sambamba, inaweza kuonyesha 30 huku kiini kimoja, kile kinachobeba kazi kuu ya gemu, kimelemewa kabisa.

Jaribio jingine ninalolipenda ni kupunguza pikseli, vile vinukta vinavyounda picha. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Ya 2560 kwa 1440 ina 3,686,400, na ya 4K ina 8,294,400, mara nne kamili ya ile ya kwanza. Pikseli ni mzigo wa kadi; prosesa haziigusi sana. Ukishuka kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720 na fremu zikapanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa imebanwa. Zisipopanda, iache kadi yako mahali ilipo. Na namba uliyoipata huko chini iandike, tutaihitaji.

Kuna kijana aliniletea kompyuta yenye kadi mpya kabisa. Alijinyima miezi mingi kuipata, na gemu bado ilikuwa inakwama. Nilipofungua nikakuta kijiti kimoja cha RAM (kumbukumbu ya kompyuta, si ile ya kadi) cha GB 16, tundu la pili tupu. Prosesa yake ilikuwa inachota data kwa mrija mmoja badala ya miwili. Tukaweka vijiti viwili vya GB 8, tukawasha mpangilio uitwao XMP kwenye BIOS, ile menyu ya mipangilio ya mazabodi, ili RAM iende kwa kasi iliyotengenezewa, na kukwama kukaisha. Kisha nikarudishia kadi yake ya zamani ili nione. Gemu ilienda vizuri tu. Iliniuma sana, maana pesa ilikuwa imeshatoka.

Tangu siku hiyo sizungumzii kununua kabla ya kupitia mambo madogo. Waya wa skrini uwe umechomekwa kwenye kadi, si kwenye mazabodi. Skrini ya Hz 144, inayobadilisha picha mara 144 kwa sekunde, iwe imewekwa 144 kweli ndani ya Windows, maana mara nyingi naikuta 60. Halafu joto: vumbi likiziba mapezi ya kupoza kadi na pesti ya kupitisha joto ikikauka, kadi hujipunguzia kasi isije ikaungua. Ukiona joto limepita nyuzi 80 na kasi ya chipu inashuka kidogokidogo kadiri unavyocheza, safisha kwanza, badilisha pesti, kisha pima tena.

Tuseme umepita yote hayo na kadi ndiyo inayongojwa. Bado sijasema inunuliwe, kwa sababu kadi hushindwa kwa namna mbili, na mimi nazitenganisha kabisa.

Ya kwanza ni uchovu. Kadi inaweza kila kitu, ila polepole. Uchovu una dawa. Vivuli, ukungu na mwakisiko wa mwanga ndivyo hula muda mwingi. Vishushe kutoka kiwango cha juu kabisa hadi cha kati, na ukiwa mbioni ndani ya gemu jicho halitatambua. Kuna pia teknolojia za kuchora picha ndogo kisha kuikuza. DLSS ya NVIDIA inataka kadi za RTX, zilizoanza 2018. FSR ya AMD ilikuja 2021, na matoleo yake ya mwanzo hukubali hata kadi za zamani za kampuni nyingine. Kwenye skrini ya 1440 au 4K matokeo yanapendeza. Kwenye 1080 picha huanza kufifia, kwa kuwa kadi inaanzia na pikseli chache mno. Kuhusu fremu zinazobuniwa katikati ya fremu halisi, nasema wazi: zinalainisha mwendo, lakini haziharakishi mwitikio wa kidole chako. Ukianza na fremu 25, utaona mwendo laini lakini mkono utahisi uzito uleule.

Ya pili ni ukuta, na hapo dawa ni chache. Ukuta wa kwanza ni kumbukumbu. Gemu ikihitaji GB 10 na kadi ina 8, ziada inahamia kwenye RAM na kurudi kupitia PCIe. Kadi kama RTX 3060 Ti inasoma kumbukumbu yake kwa GB 448 kwa sekunde, PCIe 4.0 yenye njia 16 inapitisha kama GB 32 tu. Ndiyo maana wastani wa fremu unaweza kuonekana mzuri, lakini kila ukikata kona picha inaganda. Usitazame wastani, tazama ile asilimia 1 ya fremu zilizochelewa kuliko zote. Gemu nyingine hazigandi, bali zinakuonyesha kuta na nyuso zilizofifia kama zimepakwa mafuta. Lakini usiogope ukiona GB 7.5 kati ya 8: gemu nyingi hujitwalia nafasi zaidi ya zinayohitaji. Shusha ubora wa picha zinazofunika vitu kwa hatua moja. Kuganda kukiisha na bado unapenda unachokiona, endelea kucheza.

Ukuta wa pili ni vifaa visivyokuwemo ndani ya chipu. Indiana Jones and the Great Circle ya 2024 inadai kadi yenye vifaa vya kufuatilia miale ya mwanga, na ile 1080 Ti niliyoisifu hapo juu haina. Hakuna mpangilio utakaoviongeza. Lakini kama hiyo si gemu yako, ukuta huo si wako.

Ukifika ukutani, au uchovu ukikukera baada ya dawa zote, ruka mbali. Kutoka fremu 40 hadi 60 unaokoa milisekunde 8.3 katika kila picha, na mkono unahisi. Kutoka 120 hadi 144 ni 1.4 tu. Binafsi simshauri mtu kununua kadi inayozidi yake kwa chini ya nusu. Angalia na pawa saplai: tundu la mazabodi linatoa wati 75, kichwa cha pini 6 kinatoa 75, cha pini 8 kinatoa 150. RTX 4060 inaridhika na wati 115, RTX 3080 inataka 320. Pima pia urefu wa nafasi ndani ya kasha.

Kisha rudi kwenye namba uliyoiandika uliposhusha pikseli. Hiyo ndiyo dari ya prosesa yako. Kama huko chini ulipata fremu 70, hakuna kadi itakayokupa 144 kwenye kompyuta hiyo. Tafuta inayokupa 70 kwa pikseli kamili za skrini yako na uishie hapo, au uanze na prosesa.