Tetemeko Kabla ya Fainali Halina Timu: Ufafanuzi wa Mtaalamu kwa Mashabiki na Wananchi

Kwa miezi kadhaa sasa dawati letu la taarifa za matetemeko kwa umma limekuwa likipokea ujumbe wa aina moja unaozungushwa kwenye makundi ya mashabiki wa mpira, ukiwa na picha ya mchoro wa tetemeko la ardhi lililotokea kusini-mashariki mwa Australia tarehe 22 Septemba 2021 na maelezo kwamba ardhi ilimtaja bingwa siku tatu kabla ya fainali ya ligi ya huko kuchezwa. Kwa kuwa Kenya, Tanzania na Uganda zimekabidhiwa uenyeji wa AFCON 2027, na kwa kuwa nchi zetu zinapitiwa na Bonde la Ufa ambako ardhi hutikisika mara kwa mara, tumeona suala hili lifafanuliwe mapema, kabla mtetemo mdogo wa Dodoma au Bukoba haujageuzwa kuwa ramli ya matokeo.

Tuanze na tukio lenyewe. Jumatano hiyo, saa 3:15 asubuhi kwa saa za huko, mwamba ulipasuka karibu na Woods Point, kijiji cha milimani katika jimbo la Victoria, umbali wa kilomita 130 hivi kutoka jiji la Melbourne, kwenye kina cha takribani kilomita 10. Takwimu za kwanza zilipishana kidogo, nyingine zikisema 5.8 na nyingine 6.0, kisha ukubwa ukathibitishwa kuwa 5.9. Mtikisiko ulihisiwa hadi Canberra, Sydney na Adelaide, na taasisi ya Geoscience Australia ilipokea zaidi ya taarifa 40,000 kutoka kwa wananchi walioeleza walichokihisi. Hakuna aliyepoteza maisha. Katika barabara ya Chapel Street jijini Melbourne, ukuta wa juu wa jengo kongwe lenye mgahawa wa hambaga ulijimwaga nje, matofali yakatapakaa mbele ya mlango ambapo siku ya kawaida watu hupanga foleni. Jiji lilikuwa kwenye amri ya kubaki majumbani kwa sababu ya UVIKO-19.

Siku tatu baadaye, Jumamosi ya tarehe 25, ilikuwa imepangwa fainali kuu ya ligi ya mpira wa Kiaustralia, mchezo wa mpira wa duaradufu ambao goli moja huhesabiwa pointi sita, kati ya Melbourne na Western Bulldogs. Klabu ya Melbourne ilikuwa haijatwaa ubingwa tangu 1964. Mwaka uliofuata, 1965, ilimfukuza kocha wake Norm Smith, aliyekuwa ameipatia mataji sita, ikamrejesha siku chache baadaye, na kwa miaka 57 mashabiki wakawa wanazungumzia laana yake kama vile sisi tunavyozungumzia nyumba yenye kisirani. Jina la utani la klabu hiyo ni Demons, yaani mashetani. Basi jiji lenye klabu ya mashetani, lililosubiri zaidi ya nusu karne, likifungiwa ndani huku fainali yake ikihamishiwa Perth, upande wa pili wa bara, likatikiswa kutoka chini ya ardhi siku tatu kabla ya mchezo. Hatushangai kwamba watu waliona ndege njema hapo, na hatuwabezi. Mtu aliyesubiri muda mrefu hivyo husikiliza hata mlio wa bati.

Tatizo letu linaanza pale msomaji wa ishara anapotaka sayansi imsainie. Melbourne ilishinda kwa pointi 140 dhidi ya 66, na hicho ndicho kinachonukuliwa. Hakinukuliwi kwamba katika robo ya tatu Bulldogs walikuwa mbele kwa pointi 19. Mchezo ungeishia hapo, tetemeko lile lile, la ukubwa ule ule, kutoka kwenye mwamba ule ule, lingesomwa kuwa laana ya Norm Smith imeamka kuipiga klabu yake mara nyingine. Ishara inayokubali matokeo yote mawili haijasema lolote, na ni jambo la kuchosha kwa mtaalamu kuulizwa kila wiki iwapo vifaa vyetu “viliona” matokeo hayo.

Vifaa viliona mwamba ukiachia msongo. Bamba, yaani pande kubwa la mwamba, linalobeba Australia husogea kuelekea kaskazini kwa takribani sentimita 7 kwa mwaka, likisukumwa na kubanwa kwenye kingo zake, na sehemu ya mbano huo hujilimbikiza katikati ya bara kwenye nyufa za kale hadi siku ufa mmoja unaposhindwa kustahimili. Klabu ya Melbourne iliundwa mwaka 1858, na kwa vipimo vya binadamu hiyo ni klabu ya kale. Msongo uliokuwa chini ya Woods Point ulianza kujilimbikiza muda mrefu mno kabla ya mtu yeyote kuwaza kupiga mpira huo. Australia hurekodi kwa wastani matetemeko 100 kwa mwaka yenye ukubwa wa 3 au zaidi, na lenye ukubwa unaozidi 5 hutokea kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Duniani kote, matetemeko ya ukubwa wa 5 hadi 5.9 hufikia wastani wa 1,300 kwa mwaka, yaani matatu au manne kwa siku. Chagua fainali yoyote, ya mchezo wowote, katika nchi yoyote, na katika siku tatu kabla yake ardhi itakuwa imetikisika mahali fulani kwa ukubwa wa 5 au zaidi mara kumi hivi.

Wazee wa pwani walituhadithia kwamba dunia imekaa juu ya pembe ya ng'ombe, na ng'ombe akichoka shingo huihamishia pembe nyingine, ndipo ardhi hutikisika. Nimeisikia hadithi hiyo nikiwa mtoto na bado naipenda, kwa sababu ng'ombe yule alikuwa anachoka tu. Hakuwa na timu.

Wapo wanaotutajia San Francisco kama ushahidi wa pili. Tarehe 17 Oktoba 1989, saa 11:04 jioni, tetemeko la Loma Prieta lenye ukubwa wa 6.9 liliupiga mji huo nusu saa hivi kabla ya mchezo wa tatu wa fainali ya besiboli kati ya San Francisco Giants na Oakland Athletics, watu zaidi ya 60,000 wakiwa wameshaketi uwanjani. Uwanja ulistahimili. Kwingine katika eneo hilo watu 63 walifariki, wengi wao kwenye barabara ya ghorofa mbili jijini Oakland ambayo sakafu ya juu iliangukia ya chini, na idadi ingekuwa kubwa zaidi iwapo watu wengi wasingekuwa wamewahi nyumbani kutazama mchezo. Fainali iliahirishwa kwa siku kumi, na Oakland wakashinda michezo minne kwa sifuri. Lakini Oakland walikuwa wameshashinda michezo miwili ya mwanzo kabla ardhi haijatikisika. Mwenye kutafuta jambo la kujifunza katika tukio hilo alitafute kwenye nguzo za barabara ile na kwenye zege la uwanja ule, maana vyote viwili vilipigwa na tetemeko moja na kimoja tu ndicho kilichobaki kimesimama.

Mwaka huo huo wa 1989, tarehe 28 Desemba, tetemeko la ukubwa wa 5.6 liliua watu 13 katika mji wa Newcastle, Australia. Ni dogo kuliko la Woods Point. Sijapata kuletewa hata swali moja kuhusu lilikuwa ishara ya nini.

Na hapa kwetu tunayo namba ile ile ya 5.9. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, mkoa wa Kagera ulitikiswa na tetemeko la ukubwa huo, watu wasiopungua 17 wakafariki, mamia wakajeruhiwa na maelfu ya nyumba zikaanguka au kupasuka. Ukubwa ni mmoja, na hata kina cha Kagera kilikuwa kirefu zaidi, jambo ambalo kwa kawaida hupunguza ukali wa mtikisiko juu ya ardhi. Madhara yakawa hayalingani hata kidogo. Nilisimama mbele ya nyumba moja ya tofali za kuchoma nje kidogo ya Bukoba ambayo kuta zake mbili zilikuwa zimelala nje, kila moja upande wake, kama jani la mgomba lililopasuliwa katikati. Juu ya kuta hizo hapakuwa na mkanda wa lenta, yaani zege linalozifunga kuta pamoja. Nyumba ya jirani, ya tofali kutoka tanuri lile lile, ilikuwa na lenta iliyozunguka pande zote nne, nayo ilikuwa na nyufa za pembeni mwa madirisha tu. Anayetaka ishara, zile nyumba mbili zilikuwa ishara, na zilisomeka bila mganga.

Kuna upande mmoja ambao mashabiki na vipimatetemeko wanakutana kweli, nami naueleza kwa furaha. Wakati wa AFCON ya 2006 iliyofanyika Misri, vituo vya kupimia mitetemo vilivyokuwa vimefungwa nchini Kamerun kwa ajili ya utafiti vilirekodi mitikisiko midogo iliyolingana na nyakati za magoli ya timu ya taifa, kwa kuwa watu walikuwa wakiruka kwa pamoja mijini, maelfu ya kilomita kutoka uwanjani. Mitikisiko hiyo husafiri umbali mfupi na haina uwezo wa kuamsha ufa wowote. Tunaifahamu, tunaitenga kwenye rekodi, na hatumwombi mtu yeyote aache kushangilia.

Sasa utaratibu, kwa kuwa ndiko tunakopoteza taarifa nyingi. Mtu akihisi tetemeko, kwanza ajilinde: ainame, ajifunike chini ya meza imara au kando ya ukuta wa ndani mbali na vioo, na ashikilie hadi mtikisiko ukome, bila kukimbilia ngazi. Aliye kwenye jukwaa la uwanja abaki kwenye kiti chake akiwa ameinama na kulinda kichwa, kwa sababu msongamano wa kwenye milango huweza kuua watu ambao tetemeko lenyewe limewaacha salama. Mtikisiko ukishatulia, atarajie mingine ya kufuatia; kule Woods Point mmoja wenye ukubwa wa 4 ulifuata ndani ya muda mfupi.

Kisha atutumie taarifa, naye aeleze mambo yafuatayo kikamilifu: mahali alipokuwa kwa jina la kijiji au mtaa, kata na wilaya, iwapo alikuwa ndani au nje, na kama ndani, ghorofa ya ngapi, muda kwa saa na dakika, iwapo alikuwa amelala, ameketi, anatembea au anaendesha chombo, na vitu gani vilisogea, yaani iwapo taa iliyoning'inia ilibembea, vyombo viligongana, maji yalimwagika, plasta ilidondoka au ukuta ulipasuka. Hatuhitaji mwananchi atutajie “kipimo cha Rikta”. Ukubwa tunaukokotoa wenyewe kutokana na vituo vingi na huwa ni namba moja kwa tetemeko zima; kinachobadilika kutoka mtaa hadi mtaa ni ukali wa mtikisiko, ambao hupangwa kuanzia daraja la 1 hadi la 12, na huo hatuwezi kuupata vizuri pasipo macho ya watu. Narudia hili kwa sababu kila tukio linapotangazwa tunapigiwa simu na watu wanaodai kwamba namba imefichwa, wakati tumeirekebisha kwa sehemu ya kumi baada ya kupata rekodi za vituo zaidi, kama ilivyofanyika Australia.

Kuhusu sheria, tahadhari inahitajika pande zote mbili. Kusema kwamba tetemeko ni ndege njema kwa timu yako ni imani yako, na hakuna ofisi itakayokuita. Kutengeneza tangazo linaloonekana kutoka kwenye taasisi, likitaja siku na saa ya tetemeko lijalo ili watu wasiende uwanjani, ni jambo jingine kabisa. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 kinamhusu anayechapisha taarifa akijua kuwa ni ya uongo au ya kupotosha, kwa nia ya kuudanganya umma, na kama kilivyopitishwa mwaka huo adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Ieleweke kwamba hakuna taasisi yoyote duniani, yetu ikiwemo, yenye njia ya kutaja siku, mahali na ukubwa wa tetemeko kabla halijatokea. Kwa hiyo tangazo la namna hiyo likikufikia, hata likiwa na nembo na muhuri, lihifadhi, lionyeshe kituo cha polisi kilicho karibu nawe, na usilisambaze hata kwa nia ya kuuliza.

Taarifa moja tuliyoipokea baada ya mtetemo mdogo ilikuwa na maneno zaidi ya mia mbili. Mwandishi alitaja timu mbili, mwamuzi, matokeo aliyoyaona ndotoni na sababu iliyoifanya ardhi imuunge mkono. Hakutaja mtaa wala saa. Tulimwandikia mara mbili kumwomba atuambie alikuwa wapi, hakujibu, na sehemu yake kwenye ramani ya tukio lile iko tupu hadi leo.