Kutafuta mkutano wa kuacha pombe, na kupata ule utakaourudia

Katika kazi yangu ya ushauri nasaha kwa watu wenye uraibu wa pombe, swali linalonijia mara nyingi ni wapi mtu aende akishaamua kuacha. Anuani na saa za mikutano hupatikana kwenye tovuti za vikundi vyenyewe, au kwa kumuuliza mhudumu wa afya. Kazi iliyo ngumu zaidi ni kupata mkutano ambao mtu ataurudia wiki inayofuata.

Lipo jambo la kutangulizwa. Mtu ambaye amekuwa akinywa sana kila siku kwa muda mrefu asiache ghafla akiwa peke yake, kwa kudhani kwamba ni lazima afike mkutanoni akiwa safi kabisa. Arosto ya pombe huanza kwa kutetemeka mikono, jasho na kukosa usingizi, lakini kwa baadhi ya watu huleta degedege ndani ya saa 48 za mwanzo, na siku ya pili au ya tatu huweza kuleta kuchanganyikiwa kukali na kuona visivyokuwepo, hali inayoweza kuua. Mtu huyo amwone daktari kwanza, kwa sababu kikundi cha kusaidiana hakiwezi kufanya kazi ya hospitali.

Kikundi kinachojulikana zaidi duniani ni Alcoholics Anonymous, kilichoanza mwaka 1935 mjini Akron, jimbo la Ohio, Marekani, baada ya Bill Wilson, aliyefanya kazi katika soko la hisa, kukutana na daktari wa upasuaji Bob Smith, wote wawili wakiwa wameteswa na pombe kwa miaka mingi. Sharti la kujiunga ni moja tu, nia ya kuacha kunywa. Hakuna ada, na mchango unaokusanywa mkutanoni ni wa hiari.

Ukitazama ratiba utaona kwamba mikutano mingine ni ya wazi na mingine imefungwa. Ule wa wazi humpokea yeyote, wakiwemo ndugu na marafiki. Uliofungwa ni wa wale tu wenye tatizo la pombe au wenye nia ya kuiacha. Kwa mtu mwenye hofu napendekeza aanze na ule wa wazi, ambako anaweza kukaa nyuma na kusikiliza bila kujieleza. Kwa kawaida mwenyekiti hufungua kwa kusoma maneno mafupi, kisha watu hujitambulisha kwa jina la kwanza na kuzungumza kwa zamu, na katika mikutano mingi si desturi kumkatiza msemaji wala kumjibu. Zamu ikikufikia, inatosha kusema: “Nashukuru, leo nitasikiliza tu.” Hakuna atakayekulazimisha. Jitahidi usitoke mbio mkutano unapokwisha, kwa kuwa dakika kumi zinazofuata, watu wanapokunja viti na kupeana namba za simu, mara nyingi humsaidia mgeni kuliko yote yaliyosemwa kabla.

Hatua 12 za Alcoholics Anonymous, yaani mwongozo wake wa kuacha pombe, zinamtaja Mungu, ingawa kila mtu huachiwa namna yake ya kumwelewa. Wapo wanaofarijika kwa hilo na wapo wanaokwazika, na sioni sababu ya kumlazimisha aliyekwazika. Vipo vikundi vingine: SMART Recovery, iliyoanza mwaka 1994, hutumia mbinu zilizotokana na tiba ya kubadili fikra na tabia, na Women for Sobriety, iliyoasisiwa na Jean Kirkpatrick katika miaka ya 1970, ni ya wanawake. Hata ndani ya kikundi kimoja mikutano hutofautiana sana, hivyo nawasihi watu wahudhurie kadhaa tofauti, ya ana kwa ana au ya mtandaoni, kabla ya kusema kwamba jambo hili haliwafai.

Mapitio ya tafiti 27 yaliyotolewa mwaka 2020 na Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za afya, yalionyesha kwamba programu zilizopangwa kitaalamu za kumuunganisha mgonjwa na Alcoholics Anonymous zilifanya vizuri sawa na tiba nyingine zilizolinganishwa nazo, na mara nyingi vizuri zaidi, katika kuwafanya watu wakae bila kunywa kabisa. Ninalolishika hapo ni kule kuunganishwa. Kumpa mtu karatasi yenye anuani ni msaada mdogo mno. Afadhali mpige simu pamoja, mkubaliane siku, na apatikane mwanachama wa kumpokea mlangoni.

Ondoka pasipo kusita ukiambiwa uache dawa ulizoandikiwa na daktari, ukidaiwa fedha, au mwanachama wa siku nyingi akianza kukutongoza wakati wewe bado ni mgeni. Tafuta mkutano mwingine siku hiyohiyo. Vilevile, ukinywa tena baada ya kuhudhuria mara tatu, nenda ya nne, maana waliomo humo wengi wamewahi kurudia pombe na hawatashangaa kukuona.

Familia nazo zina mahali pao. Al-Anon, iliyoanzishwa mwaka 1951, huwapokea wake, waume, wazazi na watoto wa wanywaji, na hawahitaji kungoja hadi mnywaji mwenyewe akubali kwenda popote.