Bunduki za Mitutu Miwili: Bei Imepanda, Ila si kwa Hayo Yanayosemwa

Kule Marekani, Stevens 311, bunduki ya mitutu miwili, ilikuwa ya mkulima hasa. Ilisimamishwa nyuma ya mlango, ikashikwa sungura wakivamia bustani, ikarudishwa palepale. Siku hizi mwenye nayo anaitaja bei bila haya. Na bei ikipanda, maneno nayo huzidi.

Wanasema imepanda kwa kuwa ni adimu. Adimu wapi! Stevens wa Massachusetts, walionunuliwa na kampuni nyingine ya bunduki, Savage, mwaka 1920, walizitengeneza kwa miongo, nyingine zikiuzwa madukani kwa majina mengine kabisa. Kilichoadimika ni bunduki mpya ya aina hiyo kwa bei ya mkulima. Mitutu miwili haifungwi tu ubavu kwa ubavu kama mabomba. Lazima ielekezwe ili yote ipige mahali pamoja, ndipo ilehemiwe, na hiyo ni kazi ya mkono. Ndiyo maana nyingi za bei nafuu leo hutoka Uturuki na Brazil.

Halafu kuna hawa wanaovaa kofia pana na kushindana kwa silaha za enzi za wachunga ng'ombe. Chama chao, Single Action Shooting Society, kilianza 1987. Wanapenda mitutu mifupi, kwa hiyo 311 nyingi zilipitishwa msumeno hadi karibu na inchi 18, ambazo sheria ya shirikisho hairuhusu kushuka chini yake bila usajili. Kila iliyokatwa imepunguza nzima sokoni.

“Za kale zilitengenezwa vizuri.” Baadhi, ndiyo. Lakini nyingine zilikuwa za bei rahisi tangu siku ya kwanza. Utakuta ubavuni limechorwa jina W. Richards, ukadhani ni Westley Richards wa Birmingham. Geuza chini ya mitutu: herufi ELG ndani ya umbo la yai. Hiyo ni alama ya ukaguzi ya Liège, Ubelgiji, si ya Birmingham.

Dhana inayonitisha zaidi ni hii: katriji ikiingia, basi inafaa. Chemba, yaani tundu la mtutu inamokaa katriji, nyingi za zamani ni za milimita 65, na katriji za kawaida za leo ni za 70. Kipimo hicho ni cha katriji iliyokwisha kufunguka. Kabla ya kupigwa, mdomo wake umekunjwa, kwa hiyo inaingia bila ubishi. Ikilipuka, mdomo unafunguka mahali pasipo na nafasi, na shinikizo linapanda.

Mitutu ya damaski ina hatari yake. Chuma na pua vilisokotwa, vikazungushwa kama ukili wa kapu, vikafuliwa hadi vikashikana. Ndipo yakatokea yale mawimbi mazuri. Mingi ilitengenezwa ili ipige baruti nyeusi ya zamani. Kusema “babu aliipiga miaka yote” hakusaidii kama babu hakuwahi kutia katriji za leo, zenye baruti isiyo na moshi. Ipo iliyopimwa upya Uingereza kwa baruti hiyo na kugongwa muhuri, lakini uone muhuri, usiambiwe.

Ukitaka kununua, vua mitutu, iache ining'inie kwenye kidole kwa lile jino la chini linaloiunga na bunduki, uigonge kwa ukucha. Ikilia kama kengele, lehemu imeshika. Ikitoa mlio wa sufuria iliyopasuka, mrudishie mwenyewe kabla hajafika kwenye bei.