Distopia: hofu imekaa wapi, tumaini limejificha wapi

Distopia ni hadithi ya jamii ya kubuni iliyoharibika kwa mpango. Uzito wa maana uko kwenye hilo neno "mpango". Hadithi ya kiama, ambamo tauni au bomu limefuta miji na waliosalia wanagombania maji, ni jirani yake, lakini si distopia. Katika distopia serikali ipo, tena imara. Kadi za mgawo zinagongwa muhuri, watoto wanakwenda shule, sherehe za taifa hazikosi. Ubaya umo ndani ya utaratibu wenyewe, na mara nyingi ulianza kama ahadi ya kuwaletea watu raha.

Ndiyo maana neno hili halitengani na mwenzake, utopia. Thomas More wa Uingereza aliliunda hilo mwaka 1516 kuwa jina la kisiwa, akicheza na Kigiriki: ni mahali pasipokuwepo, ila sikioni linakaribia sana "mahali pema". Mwaka 1868 John Stuart Mill, akiikosoa bungeni London sera ya serikali kuhusu Ireland, aligeuza neno hilo. Utopia, alisema, ni jambo jema mno kutekelezeka. Hawa watetezi wa sera hii ni wadistopia: wanatetea jambo baya mno kutekelezeka.

Katika Kiswahili, Katama Mkangi wa Kenya alizitia nchi zote mbili ndani ya riwaya moja, Walenisi (1995). Dzombo anahukumiwa kufa katika nchi ya dhuluma, akajikuta kwenye nchi nyingine ambako watu wanaishi kwa usawa. Lisome tena jina la riwaya polepole: wale ni sisi. Msomaji amefungiwa mlango wa kusema kwamba hao ni watu wa mbali. Mkangi alijua alichokiandika, kwani katika miaka ya 1980 aliwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani.

Mfano ninaourudia kila nikiulizwa hofu ya distopia ni ipi hasa ni Nineteen Eighty-Four ya George Orwell, iliyotoka Juni 1949. Wengi hukumbuka skrini inayomtazama mtu hadi chumbani kwake, na panya wa Chumba 101, chumba cha mateso. Mimi kinachonitisha zaidi ni kazi ya mhusika mkuu, Winston Smith. Kila asubuhi anakaa mezani, analetewa habari za magazeti ya zamani, anazirekebisha zikubaliane na anachosema mtawala leo, kisha karatasi za awali anazitumbukiza kwenye tundu liendalo tanuruni. Ni kazi ya ofisini tu. Na anaipenda! Anajisikia vizuri akiandika uongo uliopangika. Ukiisoma sehemu hiyo kwa makini huwezi tena kumwona mdhulumu kama jitu lenye pembe.

Halafu kuna lugha. Chama kinachotawala katika riwaya hiyo kinatunga lugha mpya ambayo kamusi yake inapungua kila toleo. Ingekuwa Kiswahili, "baya" lingefutwa, libaki "sizuri", kisha "haki" na "dhuluma" yafuate. Neno la uhuru halifutwi kabisa. Linaachwa kwa maana moja, kama mtu anavyosema mbwa huyu yuko huru na chawa, yaani hana chawa. Fikiria mtu aliyeonewa, anaumia kifuani, anamgeukia jirani amweleze, na neno halipo. Ataona maumivu ni yake peke yake.

Tumaini liko wapi basi? Winston ananunua kipande cha kioo cha duara chenye tumbawe ndani yake. Hakina kazi yoyote. Ni kizuri tu, na kimetoka katika wakati ambao chama hakijauandika upya. Polisi wanapovamia, kioo kinapasuliwa, na Winston anaona jinsi tumbawe lilivyokuwa dogo. Mwishowe yeye mwenyewe anavunjwa hadi anampenda mtawala.

Wasomaji wengi hufunga kitabu hapo, na huo ni mkosi, kwa sababu nyuma yake kuna kiambatisho kuhusu lugha ile mpya, nacho kimeandikwa kwa wakati uliopita. Lugha hiyo ilikuwa hivi, ilikusudiwa ikamilike ifikapo mwaka 2050. Anayeandika ni nani? Anatumia lugha ya kawaida, yenye maneno yale yale yaliyotakiwa kufutwa. Wahakiki wanabishana, na mimi nimeshachagua upande: kama mtu anaweza kuandika hivyo kwa utulivu, chama kilianguka. Orwell hakutuonyesha ushindi hata kidogo. Alibadilisha wakati wa kitenzi.

Margaret Atwood alifanya jambo la namna hiyo mwaka 1985 katika The Handmaid's Tale. Mwanamke anayeitwa Offred, jina lenye maana kwamba ni mali ya Fred, anasimulia maisha ya kulazimishwa kuwazalia wakubwa wa utawala wa Gilead. Hatujui kama alinusurika. Sura ya mwisho inaturusha hadi kongamano la wasomi la mwaka 2195, ambako tunaarifiwa kwamba masimulizi yake yalikutwa katika kanda za sauti kwenye mji wa Bangor, jimbo la Maine. Gilead imekwisha, sauti ya Offred imebaki.

Lakini sikiliza ukumbini. Profesa anayeitafiti Gilead anatania kuhusu wanawake wale, na wasikilizaji wanacheka. Anawasihi wasiuhukumu utawala ule haraka. Anajali zaidi kumtambua yule mkubwa aliyemmiliki Offred kuliko aliyoyapitia Offred mwenyewe. Tumaini na hofu vimekaa kwenye viti vya ukumbi mmoja, na profesa anamaliza kwa kuuliza kama kuna maswali.