Wakamsulibisha: neno moja tu

Ijumaa Kuu nyingi nimesikia mahubiri ya aina moja. Mhubiri anapima urefu wa misumari, anahesabu mijeledi, anaeleza jinsi pumzi ilivyokatika, na waumini wanalia. Mimi nafundisha Agano Jipya, na kila mara hujikuta nimefungua Marko 15 kuyatafuta hayo. Hayamo. Marko anasema "wakamsulibisha", basi, kisha anahamia kwenye mavazi yanayopigiwa kura. Mathayo, Luka na Yohana nao hawakawii hapo.

Sababu moja ni nyepesi: msomaji wa karne ya 1 hakuhitaji kuelezwa. Msalaba ulikuwa adhabu ya watumwa na waasi. Raia wa Roma kwa kawaida hakuuawa hivyo. Mwaka 71 KK, uasi wa watumwa ulioongozwa na Spartacus ulipozimwa, mateka wapatao 6,000 walitundikwa kandokando ya njia ya Via Appia, kutoka Capua hadi Roma.

Sasa, kama maumivu yenyewe ndiyo yanayookoa, wale 6,000 si wangekwisha kuukomboa ulimwengu? Hata wanyang'anyi wawili, mmoja kuume na mmoja kushoto, walipata adhabu ileile, siku ileile. Kwa kipimo cha uchungu peke yake, Golgotha kulikuwa na misalaba mitatu isiyotofautiana.

Waandishi wa Injili wanatuelekeza kwingine: ni nani huyu, na kwa nini yuko pale. Katika Yohana 10:18 Yesu anasema juu ya uhai wake, "Hakuna mtu aniondoleaye, bali mimi nautoa mwenyewe." Kinachokomboa ni kule kujitoa. Mateso ni gharama ambayo upendo huo ulitozwa na ulimwengu uliokuwa na misalaba tayari.

Marko 10:45 inaita kujitoa huko "fidia ya wengi". Kwa Kigiriki ni lutron, malipo ya kumwachilia mtumwa au mateka. Neno hilo liliwasumbua sana mababa wa Kanisa, yaani walimu wa Kikristo wa karne za mwanzo: fidia hiyo alilipwa nani? Origen, katika karne ya 3, alielekea kusema ni shetani. Gregory wa Nazianzus, karne ya 4, alikataa: shetani, mnyang'anyi huyo, apewe Mungu mwenyewe kuwa ujira? Wala hakukubali kwamba Baba aliifurahia damu ya Mwanawe. Mimi niko upande wake. Marko anataja wanaofunguliwa, hamtaji mpokeaji wa malipo. Ukiusukuma mfano huu mpaka uudai stakabadhi, unauvunja.

Kuna jambo ambalo Paulo analiona zito kuliko misumari, nalo ni aibu. Torati, Kumbukumbu 21:23, inasema aliyetundikwa mtini amelaaniwa na Mungu. Paulo halikwepi andiko hilo. Katika Wagalatia 3:13 anasema Kristo alifanywa laana kwa ajili yetu. Maana yake alikwenda kusimama mahali ambapo kila mtu aliamini Mungu hayupo. Ndiyo maana kilio cha "Mungu wangu, mbona umeniacha?" hakipaswi kulainishwa. Ni mstari wa kwanza wa Zaburi ya 22, ni kweli, na zaburi hiyo inaishia kwa sifa. Lakini anayekata roho hakuwa akitoa somo la zaburi. Alikuwa akilia, na bado anamwita "wangu".

Nasisitiza haya kwa sababu nimemsikia mama anayepigwa na mumewe akiambiwa, "Vumilia, huo ndio msalaba wako." Hapana. Msalaba wa Marko 8:34 ni ule anaojitwika mtu kwa kumfuata Yesu. Kipigo cha mume hakijitwikwi na mtu. Yesu mwenyewe kule Gethsemane aliomba kikombe kimwondokee, na wagonjwa waliomjia aliwaponya, hakuwaambia wautunze ugonjwa wao.

Na misumari? Katika Injili zote nne neno hilo linatokea pamoja na Tomaso tu, Yohana 20:25, baada ya ufufuo. Anataka kuona kovu za misumari mikononi. Siku nane baadaye anaonyeshwa. Mwili umefufuka, milango imefungwa na haikuuzuia, na kovu bado zipo.