Shingo na Mabega Yanapokaza Kazini: Maswali na Majibu

Jijini Nairobi, kuanzia wahasibu wa Upper Hill hadi vijana wa Roysambu wanaofanya kazi za mtandaoni kitandani, malalamiko yanafanana: shingo imekaza, mabega mazito, kiuno kinauma, kichwa kinagonga ifikapo saa kumi jioni. Haya ndiyo maswali yanayojirudia.

Sibebi chochote kizito, nakaa tu. Mbona mwili unauma kama wa mtu aliyeshinda mjengoni?

Kwa sababu kukaa tuli nako ni kazi. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo 5. Ukikiinamisha kuelekea skrini, misuli ya nyuma ya shingo hukishikilia kisianguke, na haipati nafuu mpaka ukiinue. Msuli unaokaza na kulegea, kama wa mguu unapotembea, hupitisha damu vizuri. Unaokaza bila kulegea hubana mishipa yake midogo, damu hupungua, na uchovu hugeuka maumivu. Kiuno nacho kina lake: gegedu zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo karibu hazina mishipa ya damu kabisa. Lishe yake huingia polepole pamoja na majimaji, na kusogea kwa mwili huchangia kuyasukuma.

Basi ninunue kile kiti cha bei ghali?

Usianzie hapo. Kiti kizuri husaidia, lakini ukikikalia asubuhi nzima bila kusogea utaumia vilevile. Hakuna mkao mmoja unaoufaa mwili siku nzima, hata ule wa kunyoosha mgongo wima kama askari wa gwaride. Badilisha mkao mara kwa mara.

Kisha tumia ulicho nacho. Leso iliyokunjwa ikawekwa nyuma ya kiuno huegemeza mgongo. Laptopu iinue kwa vitabu hadi ukingo wa juu wa skrini ukaribie usawa wa macho, halafu tafuta kibodi ya kando ili viwiko vikae karibu na mbavu. Miguu isipofika sakafuni, weka kijisanduku chini yake. Na wewe unayefanyia kazi kitandani, tafadhali hamia mezani, hata kama ni meza ya kulia. Kitanda ndicho ofisi mbaya kuliko zote: kinakukunja shingo na kiuno kwa pamoja.

Nisimame kila baada ya muda gani?

Kila nusu saa hivi, dakika moja au mbili zinatosha. Usingoje maumivu yakukumbushe. Katika ofisi nyingi za Nairobi chai ya saa nne huletwa mezani. Mwambie anayekuletea kwamba utaifuata mwenyewe. Simu ipokee ukiwa umesimama. Mwenzako akiwa dawati la tatu, mwendee badala ya kumtumia ujumbe.

Nifanye mazoezi gani bila kushangaza watu?

Anza na mabega. Yapandishe kuelekea masikioni, yakaze ukihesabu hadi tano, kisha yaachilie yashuke huku ukitoa pumzi. Rudia mara tatu. Kukaza kwanza kuna maana yake: mtu aliyezoea mkazo hausikii tena, na akiuongeza kidogo ndipo anapoutambua na kuuachia. Daktari Mmarekani Edmund Jacobson alijulikana kwa kufundisha kulegeza misuli kwa njia hii mapema katika karne ya 20, na wataalamu bado wanaitumia.

Kisha rudisha kidevu nyuma taratibu bila kuinua uso, ushikilie kidogo. Geuza kichwa kulia, halafu kushoto. Simama, weka viganja kiunoni, ujipinde nyuma kiasi. Nyoosha mkono mbele na kuvuta vidole nyuma kwa mkono wa pili. Unapaswa kuhisi kuvutika, si kuumia. Shingo usiizungushe kwa nguvu, wala usimruhusu mtu kuialisha kwa kishindo.

Mabega yangu hupanda kila bosi anapopiga simu. Hayo si mawazo tu?

Yanaanzia kwenye mawazo, lakini mwili unayabeba. Ukihisi tishio, homoni kama adrenalini humwagika, moyo hukimbia, misuli hukaza na pumzi huwa fupi. Pesa za kodi ya nyumba zisipotosha, mwili hujibu vivyo hivyo. Watu wengi hata huuma meno bila kujua. Chunguza taya lako sasa hivi. Meno ya juu na ya chini hayapaswi kugusana ukiwa umetulia.

Vuta pumzi kwa pua hadi tumbo lijae, kisha itoe polepole, kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Kutoa pumzi taratibu hupunguza mapigo ya moyo. Fanya hivyo kwa dakika mbili kabla ya kurudisha simu.

Lakini pumzi haimpunguzii mtu kazi ya watu watatu. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe usalama, afya na ustawi wa wafanyakazi, na penye wafanyakazi 20 au zaidi inataka kuwe na kamati ya usalama na afya. Peleka jambo hili huko. Kulalamikia kiti kibovu au saa zisizoisha si utovu wa nidhamu.

Na macho?

Kila dakika 20 tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20. Pepesa pia, maana mbele ya skrini tunapepesa kidogo mno.

Nikitoka kazini nakaa tena kwenye matatu, foleni ya Thika Road. Nifanyeje?

Kama njia ni salama, shuka steji moja kabla na utembee. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kutembea kwa haraka kunahesabiwa.

Diclofenac hunisaidia. Nina haja ya yote hayo?

Dawa hiyo ya kutuliza maumivu, kama ibuprofen, inaweza kuleta vidonda vya tumbo, kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu, hasa ukiimeza siku baada ya siku. Ikiwa huwezi kumaliza wiki bila tembe, muone daktari au mtaalamu wa tiba ya viungo.

Lini nisijitibu mwenyewe?

Ukifa ganzi kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku, kapimwe: huenda neva imebanwa kwenye kifundo cha mkono, jambo linalowapata zaidi wajawazito na wenye kisukari. Nenda hospitali siku hiyohiyo ikiwa miguu imelegea, sehemu za siri zimekufa ganzi au umeshindwa kudhibiti haja. Fanya hivyo pia mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu. Huenda damu imeganda. Maumivu ya kifua yanayosambaa hadi mkononi au tayani, pamoja na jasho au kukosa pumzi, usiyaite uchovu wa kukaa. Waambie walio karibu wakukimbize idara ya dharura mara moja.