Fungua kifuniko kwanza: ninavyokagua buli la Yixing

Karibu kila wiki mtu hunitumia picha ya buli la Kichina la udongo na kuniuliza kama ni la kweli. Picha yenyewe huwa ya kitakoni, penye muhuri wa fundi. Nami hujibu vilevile kila mara: ndugu yangu, nipigie picha ya ndani.

Mabuli haya hutoka Yixing, jimbo la Jiangsu, magharibi mwa Ziwa Tai. Udongo wake huitwa zisha, yaani mchanga wa zambarau, ingawa upo pia mwekundu na wa manjano. Huchimbwa ukiwa mwamba, huachwa nje ulainike kwa mvua na jua, kisha husagwa na kukandwa. Una chuma kingi, na ndani yake mna chembe za ulanga, madini yanayometameta. Haupakwi kitu cha kuung'arisha kabla ya kuingia tanurini, kwa hiyo kila alichokifanya fundi hubaki kinaonekana.

Na fundi wa Yixing kwa desturi hafinyangi kwa gurudumu. Hupiga udongo kwa kibao hadi uwe bapa, hukata ukanda, huuviringisha na kuziunganisha ncha zake. Kisha huuzungusha taratibu huku akiupigapiga ubavuni mpaka tumbo litune. Ndiyo maana nataka kuona ndani. Mulika tochi, utazame hasa nyuma ya mkono wa buli: mara nyingi utaona alama ya pale ncha zilipokutana, na kitako kilipobandikwa kutoka chini. Ukiona miduara inayopanda kama parafujo, hilo limefinyangwa kwa gurudumu. Ukikuta ndani laini tupu kama kikombe cha plastiki, huenda ni udongo wa majimaji uliomiminwa kwenye kalibu. Wapo pia mafundi wanaoukandamiza ukanda ndani ya kalibu ili kupata umbo, na hiyo ni kazi halali, mradi muuzaji aseme hivyo.

Baada ya hapo nachukua lenzi. Fundi humalizia uso wa buli kwa kipande chembamba cha pembe, akiusugua hadi udongo laini ufunike chembe kubwa bila kuzificha kabisa. Uso wa namna hiyo una uhai: chembe zinachungulia, rangi haifanani kila mahali. Rangi iliyo sawa kabisa, tena kali, hunitia shaka. Mwaka 2010 televisheni ya taifa ya China, CCTV, ilionyesha udongo wa kawaida ukitiwa rangi za kemikali na kuuzwa kama zisha. Kwa hiyo mimina maji ya moto, unuse. Harufu ya udongo haina neno. Ukisikia harufu ya rangi au ya kiwi ya viatu, usinywee chai humo.

Yale majaribio maarufu, kama kuziba kitundu cha kifuniko ili maji yasimame, hupima ustadi tu. Yanaonyesha kifuniko kimekaa sawasawa. Hayakuambii udongo umetoka wapi wala ni mkono wa nani.

Muhuri nauacha mwisho. Gu Jingzhou, fundi mkubwa kuliko wote wa karne ya 20, katika miaka ya 1930 aliajiriwa Shanghai kunakili mabuli ya kale. Kama mikono kama ile ilinakili, jina lililopigwa kitakoni lina uzito gani peke yake? Mwaka 2010 buli lake moja liliuzwa mnadani kwa zaidi ya yuan milioni 12, na bei kama hiyo inawapa waghushi sababu ya kuchonga mihuri usiku na mchana.

Lakini muhuri unapimika. Udongo wa zisha hupungua kwa takriban sehemu moja katika kumi unapokauka na kuchomwa. Anayeghushi kwa kunakili muhuri kutoka kwenye buli la kweli lililokwisha kuchomwa hupata muhuri uliokwisha kupungua, na ukiingia tanurini hupungua tena. Buli langu la kwanza la bei kubwa nililinunua kwa ajili ya jina la fundi lililokuwa kwenye muhuri wake, na iliniuma sana. Herufi zilikuwa zilezile, mistari ileile. Miezi kadhaa baadaye niliweka rula: milimita 18. Kwenye mabuli ya fundi huyo ambayo asili yake inajulikana, muhuri uleule una milimita 20. Nilipofungua kifuniko na kumulika, ndani kulikuwa laini tupu.